Fundo la Sita

"Shika hapa, Mzee Nduwayezu. Weka puani. Usivute, hii siyo kamba ya mbuzi."

Mzee alikamata ncha ya uzi kwa vidole viwili, akaibandika kwenye pua yake, akatulia kwenye kiti kama mtoto anayesubiri sindano. Ncha ya pili alikuwa nayo Esteri, mpiga picha wa sokoni Kasulu, ambaye wengi humwita Mama Immakulata. Alirudi kinyumenyume uani, vidole vikipapasa mafundo. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye fundo la nne alisimama, akachora mstari ardhini kwa kisigino cha kandambili.

"Hapa hapa," akasema, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Uhakika wote aliokuwa nao ulikuwa umebaki kwenye sauti.

Kesho yake alfajiri gari lingekuja hapa Titye kumchukua Mzee Nduwayezu kumpeleka hospitali, akakatwe mguu wa kushoto chini ya goti. Kisukari kilikuwa kimeanza na kidole kidogo, kwa adabu, kama mgeni anayemega pembeni ya sahani, kisha kikaona hakuna anayekikemea kikala mguu. Mzee alikubali kukatwa. Alikuwa na sharti moja tu, na sharti hilo ndilo lililompandisha mjukuu wake Irakoze, mwanamke mzima mwenye biashara yake ya muhogo, kwenye pikipiki hadi Kasulu kumfuata Esteri. Mzee apigwe picha amesimama. Miguu miwili, viatu viwili.

Viatu vyenyewe vilikuwa vyeusi, vya kamba, alivyonunua kwa ajili ya siku ya kuchukua hati yake ya uraia. Cha kulia kiliingia bila maneno. Cha kushoto kiliingia baada ya Irakoze kuchomoa kamba yote, matundu matano kila upande yakabaki wazi, na baada ya mzee kumwita Mungu kwa Kirundi, kwa Kiha na kwa Kiswahili, asije Mungu akasema hakusikia.

"Nguvu ya kusimama ninayo mara mbili," mzee alikuwa ameonya. "Ya tatu mtanishikilia nyinyi, na hiyo haitakuwa picha yangu. Itakuwa picha ya mikono yenu."

Mara mbili. Esteri alilirudia neno hilo kimoyomoyo huku akiitoa kamera yake kwenye kitambaa.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu, hata padri, ingawa Esteri humwambia padri mengi yasiyomhusu. Jicho lake la kulia lilikuwa linakufa. Tangu mwezi wa pili ilikuwa kama mtu amelipulizia pumzi, likapata ukungu kama kioo. Akapangusa, akapangusa, hakuna kilichofutika. Sasa alikuwa anaona kama yumo ndani ya kikombe cha maziwa. Jicho la kushoto halikuwahi kuwa jicho la kazi. Hilo alilitumia kuangalia nani kapita bila kusalimia, na hata huko siku hizi lilikuwa linamsingizia watu.

Kamera ilikuwa ya kisasa, ndogo ya kuingia kwenye kikapu cha mayai, zile zisizo na kioo cha kupiga kelele ndani. Aliinunua mkononi mwa mtu, bila lensi. Lensi ilikuwa ya marehemu mume wake Evaristi, ya chuma, nzito, ya enzi za filamu, ile aliyopigia watu picha kule Mtabila kabla kambi ya wakimbizi haijafungwa. Lensi ya namna hiyo haimtafuti mtu yenyewe. Mkono wa kushoto unaibeba kwa chini, vidole vinazungusha pete yake taratibu, jicho linatazama kwenye kidirisha, mpaka kope za mtu zitokee moja moja. Ile pete nyingine, ya kupunguza mwanga, ilikwama mwaka juzi ikiwa wazi kabisa. Kwa hiyo lensi ilikuwa inaona vizuri mahali pamoja tu. Mbele yake ukungu, nyuma yake ukungu.

Evaristi alimwachia dawa. Uzi wa nailoni wenye fundo kila mita, mafundo sita. Na kwenye pete ya lensi mikwaruzo sita ya wembe, inayopapasika kwa ukucha. Mtu akisimama kwenye fundo la nne, weka pete kwenye mkwaruzo wa nne, bonyeza. "Hata kipofu atapiga," alikuwa akisema Evaristi, na wote wanacheka. Mjane wake siku hizi alikuwa anatafuta kilichowachekesha.

Uzi ulimficha miezi minane. Halafu, wiki mbili zilizopita, kile kipete kinachoiunganisha lensi ya zamani na kamera mpya kikapasuka. Hashimu, mwenye duka la simu, akamwagizia kingine kutoka Dar. Tangu hapo wateja wawili walikuwa wamerudisha picha zao. "Mama, mbona nimekuwa moshi?" Esteri akasingizia wino. Lakini jioni ile alifunga mlango wa studio, akakaa juu ya stuli ya wateja, akaiangalia mikono yake kwa namna alivyoweza kuiangalia. Macho yalikwishamwacha. Sasa na mikono? Siku watu wakijua, habari ingefika Kibondo kabla yeye hajafunga duka. Na akishaacha picha, atafanya nini katika giza hilo? Atakaa ukutani, apewe uji.

"Tayari, mzee?"

"Nisimamishe, Irakoze. Kisha ukae mbali."

Mzee alisimama. Irakoze alimwachia kidogo kidogo, akajiondoa pembeni. Esteri akagusa mkwaruzo wa nne kwa ukucha, akaweka jicho kwenye kidirisha. Wingu jeupe, na ndani yake nguzo nyeusi. Nguzo ndiyo mzee. Akaiweka katikati, akazuia pumzi, akabonyeza.

Mzee akaanguka kitini kama gunia.

"Lete nione, mama," Irakoze akasema, akaichukua kamera, akabonyeza kile kitufe cha kuikuza picha.

"Babu amekuwa moshi," Irakoze akasema. "Pua haipo. Viatu ni kama sufuria mbili."

"Sufuria!" mzee akafoka. "Nimeteseka yote haya nionekane nimesimama juu ya sufuria?"

Irakoze akacheka, akaona babu yake hacheki, akaacha. Mzee alikuwa anamtazama Esteri.

"Mama Immakulata. Sogea hapa."

Akasogea.

"Nimeonyesha vidole vingapi?"

"Mzee, mvua inakuja, tuna kazi."

"Vingapi?"

Esteri alikaza macho. "Vitatu."

Irakoze alitazama chini. Mkono wa mzee ulikuwa mfukoni.

Esteri akakaa pale pale kwenye udongo, sketi na yote. Alingoja kelele. Alingoja aambiwe mwizi, aambiwe tapeli wa sokoni. Alikuwa ameyasikia maneno hayo kichwani usiku mwingi kiasi kwamba karibu angeweza kumsaidia mzee kuyapanga.

"Tangu lini?" mzee akauliza.

"Mwezi wa pili. Mzee, nakuomba, usiwaambie watu."

"Nimwambie nani? Kuanzia kesho habari ni mimi. Wewe utangoja zamu yako." Akajisugua goti. "Umeshaonyesha hayo macho kwa daktari?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Atanipa jina la ugonjwa. Sasa hivi ni ukungu tu."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia wimbo wa kwao. "Ego, ndiyo hivyo. Mimi na kidole changu tulifanya hivyo hivyo. Nilikiita kichubuko. Mwaka mzima kichubuko."

"Na sasa unaogopa?"

"Msumeno," mzee akasema, kwa sauti ndogo ambayo mjukuu wake hakuwahi kuisikia. "Wanasema wanakutia ganzi kiunoni, macho unakodoa. Huhisi. Lakini masikio je? Masikio wanayapeleka wapi?"

Upepo ukapita migombani. Irakoze, ili asione wazee wawili wakiogopa, alirudi kwenye kamera, akawa anaisogeza ile picha huku na huku.

"Lakini ni ajabu," akasema. "Babu ni moshi, ila huu mgomba nyuma yake umetoka safi. Hata mdudu kwenye jani anaonekana."

Esteri aliinua kichwa. "Mdudu gani?"

"Simjui. Ana miguu."

"Unaihesabu?"

"Sita."

"Jani lipi?"

"Hilo lililochanika, mama. Hilo la chini."

Esteri akasimama bila kujipangusa. Akaichukua kamera, akapapasa pale lensi inapokutana na mwili wa kamera, kwenye kile kipete cha Hashimu. Kidole chake kilikikumbuka cha zamani. Alikuwa amekifungua na kukifunga miaka mingi. Hiki kilikuwa chembamba. Kidogo sana, unene wa karatasi mbili. Lakini lensi ikisogezwa ndani kwa karatasi mbili, macho yake yanaruka mbele, yanampita mtu, yanakwenda kumtazama mdudu mgombani.

"Irakoze, mwanangu, shika uzi. Weka kwenye hilo jani. Kwa mdudu kabisa."

"Ataniuma."

"Akikuuma tutapiga picha na hiyo."

Irakoze akaenda nyuma ya kiti. Esteri akasimama kwenye mstari wake, akauvuta uzi mpaka ukanyooka. Vidole vikaanza kuhesabu kutoka kwa mdudu. Nne. Tano. Uzi ulikwisha mkononi.

"Fundo la sita," akasema. "Mimi nimeiwekea nne, yenyewe inatazama sita."

Basi haikuwa mikono. Mikono ilikuwa mizima. Macho yalikuwa bado macho yale yale, na mtu aliyeketi mbele yake alikuwa amebakiza kusimama mara moja.

Tone la kwanza la mvua lilimpiga shingoni.

"Haraka. Mzee, pua yako."

Mzee akaweka uzi puani bila mzaha. Esteri akarudi nyuma, akapita mstari wake wa kwanza, tano, sita, akachora mwingine. Pete hakuigusa. Aliifunika kwa kiganja isije ikateleza kutoka kwenye mkwaruzo wa nne. Je, kama amekosea? Kama jani lile lilitikiswa na upepo? Kama Irakoze alishika uzi kando ya mdudu? Maswali yalikuja mengi na yote yalikuwa na haki ya kuja.

"Simama, mzee."

Irakoze akamwinua. Safari hii ilichukua muda. Mguu wa kushoto ulikuwa unatetemeka ndani ya kiatu, na kiatu kikapiga ardhi tap, tap, tap, kama mtu anayebisha mlango asiopenda ufunguliwe.

"Sogea, Irakoze," mzee akasema huku ameuma meno.

Irakoze akasogea.

"Mama Immakulata."

"Naam."

"Subiri." Akavua kofia. Akaitupa chini. Akanyoosha mgongo, akawa mrefu kuliko uzee ulivyomwacha. Tap, tap, kiatu kikapiga, kisha kikanyamaza. "Haya."

Ndani ya maziwa kulikuwa na nguzo nyeusi, imenyooka. Esteri akabonyeza.

Mvua ikashuka.

Walimkokota mzee mpaka barazani, chini ya bati, kamera imefichwa kifuani mwa Esteri kama kifaranga. Irakoze aliwapa taulo moja, wakaligombea, mzee akashinda. Uzi ulikuwa bado katikati yao, umelowa, ncha moja mkononi mwa mzee, ncha nyingine kwenye kidole cha Esteri. Hakuna aliyekumbuka kuuachia.

"Gari la kesho nyuma lina nafasi mbili," mzee akasema, akiitazama mvua. "Irakoze anakaa mbele, ananisemea. Kule nilimwona daktari wa macho, mlango wake uko karibu na choo. Huwezi kupotea. Hata wewe."

Esteri aliivua kamera shingoni, akampa Irakoze, na mkono ukabaki hewani baada ya kamera kuondoka.

"Usiseme ni nzuri," akamwambia. "Neno hilo sitaki. Kuza kiatu cha kushoto, uhesabu matundu ya kamba, upande mmoja. Yawe matano."

"Kwa sauti," mzee akaongeza.

Irakoze akaegemea nguzo, akabonyeza kitufe, akabonyeza tena.

"Moja," akasema.

Bati lilikuwa linapigwa juu ya vichwa vyao.

"Mbili."

Mzee alizungusha uzi kwenye kidole chake, ukakaza. Esteri akauhisi ukikaza upande wake, akaacha ukaze.

"Tatu."

"Linaondoka saa ngapi hilo gari?" Esteri akanong'ona.

"Tundu la nne," Irakoze akasema, kisha akasita, akafuta tone la maji kwenye kioo kwa upindo wa kanga, akaisogeza kamera karibu zaidi na uso wake.