Mbuzi wa Mwantumu

"Zizi la Amri halifunguliwi na mwanaume mwingine!" Amri Mbaruku aliwatangazia wanawake waliokuwa wakichota maji ng'ambo ya kijito, huku debe la kumwagilia likimvujia miguuni. "Fisi wenyewe wakipita hapa huniamkia!"

Wanawake wakacheka. Kijiji kizima cha Nambambo kilijua kwamba mdomo wa Amri ulikuwa na ekari nyingi kuliko shamba lake: matuta ya mchicha, nyanya na bamia kando ya maji, na zizi la fito lenye mbuzi wawili. Beberu alikuwa wake, akiba ya miezi ya njaa. Jike alikuwa wa dada yake mkubwa, Mwantumu, mjane. Mumewe alipofariki, wapwa wa marehemu waliswaga zizi zima, ndiyo mila. Huyu mmoja aliponea kwa kuwa alikuwa amefungwa malishoni, hawakumwona. Sasa alikuwa na mimba.

Jua halijachoma bado, pikipiki ikashuka bondeni. Mtendaji wa kijiji, Kipriani, na nyuma yake mgambo mwenye kamba.

"Bwana Amri, bustani imenoga!"

"Tunaganga njaa, mtendaji. Karibuni bamia."

"Bamia utakula mwenyewe. Leo tuna wageni kutoka wilayani."

"Basi nina jogoo. Ana sauti kumshinda muadhini."

Mgambo alicheka. Mtendaji hakucheka. Alisimama ukingoni mwa kijito, akayatazama maji, akalitazama tuta la kwanza.

"Hapa pana mita sitini?"

Sheria ilikataza kulima ndani ya mita sitini kutoka majini. Mtu angeweza kutema mate kutoka kwenye tuta yakafika majini. Bonde zima lililimwa hivyo. Ukisogea juu unakuta changarawe, na hilo kila mtendaji alilijua.

"Wageni wanakuja kukagua vyanzo vya maji," Kipriani alisema polepole. "Lakini mtu akishiba, hapendi kutembea."

"Mtendaji, juzi tu Rashidy katoa mbuzi."

"Kwani Rashidy si bado analima?"

Mtendaji akaligeukia zizi.

"Haya, nichagulie mwenyewe. Nisije nikaitwa dhalimu."

Amri alimtazama beberu. Kisha mkono wake ukanyooka, ukaelekea upande wa pili.

"Huyo jike. Ndiye mnene."

"Kweli, ana tumbo!"

Neno mimba lilimfika kooni. Akalimeza.

Mwantumu alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kuuza bamia Nachingwea, kwa hiyo Amri alikuwa na mchana mzima wa kumtengeneza fisi. Akavunja fito mbili. Akatawanya manyoya. Akaburuta gunia la mchanga kutoka zizini hadi kwenye mikorosho, akarudi kuikagua kazi yake, akaiona safi.

Dada akarudi jua likiwa limeegemea, kikapu kichwani.

"Shikamoo dada. Kaa kwanza, kaa. Fisi kapita! Mchana kweupe, halina hata haya! Nimelifukuza mpaka kwenye mikorosho, nimelirushia jembe, likageuka likanicheka hivi..." Akacheka kama fisi. Akaonyesha fito. Akaonyesha mburuzo. Alisimulia vizuri, hata yeye alikaribia kuamini.

Mwantumu alimwacha amalize. Kisha akatua kikapu. Bamia zilikuwamo zote, zimesinyaa.

"Hukuuza?"

"Sikufika mjini. Mgambo alituzuia wanawake njiani, tukawapikie wageni ofisini." Kanga yake ilinuka moshi na vitunguu. "Mimi nilipewa utumbo niuoshe. Alikuwa na mapacha, Amri."



Mwantumu akatoa kifurushi cha jani la mgomba, akakiweka juu ya fito zilizovunjika.

"Ini lako hilo. Mtendaji anashukuru, anasema ulimchagulia vizuri. Wageni hawakushuka bondeni. Mwezi ujao wanakuja wengine. Amesema umnenepeshe beberu."