Uvimbe wa Mguu Mmoja

Katika chumba chetu cha kupigia pasi hakuna kiti hata kimoja. Huko juu hoteli ina viti vya wageni visivyohesabika. Sisi wanawake tisa wa chini tunasimama kutwa, mvuke usoni, saruji nyayoni. Ndiyo maana tulibuni treni. Saa sita mchana tunakaa sakafuni mmoja nyuma ya mwenzake, mguu wa wa nyuma ukichomoza ubavuni mwa wa mbele, naye anauchua kwa mafuta. Wa mbele kabisa ni dereva. Yeye hachuliwi, anangoja zamu ya kesho.

Waajiri hupenda tusahau. Mimi sisahau. Miaka sita iliyopita mwenzetu tuliyemwita Kengele, kwa sauti yake, alivimba mguu wa kushoto. Mimi ndiye niliyekuwa mbele yake kwenye treni. Niliuchua kwa nguvu zangu zote, akanibariki. Kisha akapanda ngazi na beseni la mashuka, akaketi katikati, akasema pumzi haishuki, akafa. Ofisi ikaandika: moyo.

Sikuamini. Nikaenda hospitali ya rufaa nikamng'ang'ania daktari bingwa wa mishipa ya damu mlangoni kwake mpaka akanieleza.

"Miguu yote miwili ikivimba jioni na kunywea asubuhi, mishipa ikatokeza kama kamba, njoo kliniki, upange miadi. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto, shavu la mguu likauma, njoo hospitali siku hiyohiyo. Huenda damu imeganda ndani. Wala usiuchue. Bonge likikatika, linapanda mapafuni. Na pumzi ikikata au kifua kikichoma, hiyo ni dharura. Usimngoje mtu."

Nikayaandika yote nyuma ya mlango wa choo chetu. Ofisi ikayapaka rangi. Nikayaandika tena. Wenzangu wakanibatiza Redio.

Basi Jumanne wifi yangu, mke wa kaka yangu, akaingia kazini anachechemea.

"Tangu lini?"

"Juzi. Usianze, wifi."

Nikampandisha sketi. Mguu wa kulia umejaa, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Wa kushoto uko vilevile, mwembamba. Nikaugusa ule wa kulia. Wa moto.

"Unakwenda hospitali sasa hivi."

"Bila kibali? Nikifukuzwa kazi, kaka yako atanilisha mapenzi?"

Wenzetu wakaangua kicheko. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Lakini huyu hakuficha, alikuwa anaogopa karatasi. "Mkalisheni," nikawaambia, "nakileta hicho kibali." Sikusema msimchue. Nilidhani nimeshasema kwa miaka sita.

Msimamizi wetu, Bwana Dakika, alikuwa ofisini kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Mguu? Apake dawa ya kuchua. Si wote mnavimba?"

"Sisi tunavimba yote miwili. Yeye ni mmoja, na wa moto."

"Haya, Redio, haya. Naandika."

Akaandika kweli. Akagonga muhuri, akakisukuma kibali upande wangu. Hapo ndipo ningekichukua nikatoka mbio. Lakini nilikuwa na Kengele kooni. Nikamtajia siku aliyokufa. Nikamtajia mara tatu tulizoomba viti, na tarehe zake, na nani alijibu nini. Alijaribu kunyanyuka, nikamwambia kaa, wewe unacho cha kukalia. Akainamisha kichwa, nami nikaendelea. Dakika ishirini nzima nilimshinda yule bwana, kibali kipo mezani, wino umekauka.

Niliporudi chini treni ilikuwa imeshakaa, hata saa sita haijafika. Wifi yuko katikati, mguu unameremeta mafuta, na mama mzee wa mashati, yule anayeyapiga pasi, anauminya kutoka kifundoni kwenda juu, taratibu, kwa huruma yote aliyonayo.

"Redio, umechelewa! Mgonjwa wako tumeshamtengeneza."

"Umelainika, wifi," akasema mwenyewe, anatabasamu. "Maumivu yamepungua. Ila hapa..." Akaweka kiganja ubavuni. "Nikivuta pumzi panachoma."

Hakuna aliyecheka tena. Mama wa mashati aliinua mikono yake akaitazama.

Tulimpakia kwenye toroli la mashuka, tukatokea mlango wa mbele, katikati ya wageni na masanduku yao, tukasimamisha gari la kwanza. Hospitalini daktari aliniuliza uvimbe ulianza lini, pumzi ilianza kumsumbua saa ngapi, na kama kuna mtu aliyeuchua. Nikajibu yote matatu. Wakamwingiza ndani wakimkimbiza, hewa puani.

Simu ikalia. Kaka.

"Nimeambiwa ni mguu tu. Nimalizie kazi hapa, nije jioni?"

Kwenye kioo cha mlango niliona watu wanne wamemwinamia, na wa tano anatoka mbio.

"Njoo sasa hivi," nikamwambia. "Watoto waache kwa jirani."