Moko Ndefu

Melkiori alifika Gerezani kwa mafundi wa chuma mchana, begani ana pampu aliyonunua Kariakoo. Aliitua kwenye benchi la Sadalla, akajifuta jasho.

"Fundi, shemeji yako Anuari anakusalimia. Nataka moko sita. Ndefu, kama mkono wangu."

Sadalla alizima mashine ya kusagia. Moko ni patasi nene za kupasulia mwamba, na zote alizowahi kulitengenezea duara la Melkiori, shimo lake la dhahabu kule Chunya, zilikuwa fupi. Mshipa wa dhahabu mle hauzidi upana wa kiganja. Mchimbaji hukata njia ya kupitisha mwili wake tu, akalala ubavu na kugonga. Moko ndefu haina kazi pale. Nyundo haina pa kurudi. Sehemu ya kusimama ni moja tu, chumba cha chini, penye nguzo ya mwamba waliyoiacha kusudi ishike dari. Sadalla alikijua chumba hicho. Humo ndimo alimofukiwa hadi kifuani, akatolewa, akaapa kutoshuka tena. Anuari, mdogo wake Badria mkewe, alibaki.

"Mnakata nguzo," alisema Sadalla.

Melkiori alicheka. "Nyie watu wa Pwani mna macho! Mali yote imo mle, ndugu yangu. Miaka sita tunaitazama kama mtu anayenusa pilau la jirani."

"Na dari?"

"Tutaweka magogo."

"Mangapi?"

"Manne."

"Manne jengea banda la kuku. Anuari anajua?"

"Yeye ndiye atakayeanza kugonga. Kijana hana woga."

"Hana akili. Sitengenezi."

"Basi. Mafundi Gerezani wamejaa."

"Nenda."

Melkiori hakwenda. Alikuna shingo, akatazama nyundo za jirani zikilia, kisha akafungua begi lake na kutoa moko mbili. Ncha zilikuwa zimejikunja kama kucha.

"Nilinunua kwa mwenzako hapo mwezi uliopita," alisema kwa sauti ndogo. "Siku moja tu. Lile jiwe jeupe la mshipa limezila."

Sadalla alizipindua mkononi. Aliyezitengeneza alizipoza kwenye maji, tena kwa haraka. Kwa jiwe lile chuma hupozwa kwenye oili, polepole, na unaangalia rangi yake.

"Nitatengeneza," alisema. "Lakini huondoki nazo. Nazileta mwenyewe Jumamosi. Nikikuta magogo ishirini yamesimama chini, kabla nguzo haijaguswa, nakupa. Nikikuta manne, narudi nazo. Na Anuari narudi naye, hata kwa kumburuta."

"Ishirini! Unajua gogo moja linauzwaje?"

"Sijui. Anuari anauzwaje?"

Melkiori alizichukua moko zilizojikunja. Akafunga begi.

"Haya. Ishirini. Nitakupigia yakiwa tayari."

"Usinipigie. Nitayahesabu."

"Kutokea wapi? Si uliapa hushuki tena?"

"Niliapa," alisema Sadalla, akasukuma chuma cha kwanza motoni.