Chungu Kisicho na Ufa

Vita vya Kagera vilipopamba moto, Mwantumu binti Mhina alikuwa opereta wa simu mjini Korogwe. Alikaa mbele ya ubao wa matundu, vipokea sauti masikioni, akichomeka waya hapa na kuchomoa pale, akiwaunganisha watu wa bondeni na ndugu zao wa mbali. Watu wakishaanza kusalimiana alikuwa akivisukuma vipokea sauti nyuma ya masikio. Mama yake alimlea akijua kwamba kusikiliza maneno ya wenzio ni sawa na kuwachungulia dirishani.

Halafu akaja Bwana Kaleb, mtu wa usalama, mgeni wa mkoa ule. Alikuwa mpole na msafi, na alibeba kinasa sauti ndani ya mkoba wa ngozi. Akakiunganisha kwenye ubao kwa mkono wake mwenyewe.

"Dada Mwantumu, simu yoyote itokayo kanda ya ziwa, bonyeza hapa," alisema. "Adui ana watu wake humu humu ndani. Likilipuliwa hili daraja la reli, tutamlaumu nani?"

Mwantumu alikuwa na kaka yake mstari wa mbele. Hakuhitaji kubembelezwa. Alibonyeza.

Simu nyingi zilikuwa za mambo ya kawaida, msiba au nauli au mtoto mgonjwa. Hadi siku alipokuja Mzee Mwinjuma, Mzigua aliyeoa katika kijiji cha Mashewa, katibu wa duka la ushirika la pale kijijini. Alikuwa ameagizwa aje kupokea simu kutoka Mwanza. Mpigaji alikuwa Athuman, mwenyeji wa Handeni aliyekwenda huko kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Wazee wale wawili walizungumza Kizigua, wakacheka sana, na Mwinjuma akatoka kwenye kibanda cha simu akijifuta machozi ya kicheko.

Kesho yake Bwana Kaleb akamwita Mwantumu chumba cha nyuma, akaiwasha kanda.

"Mimi lugha hii siijui. Nipe maneno tu, neno kwa neno. Maana niachie mimi."

Mwantumu akatafsiri. Athuman alisema: "Wageni wangu wataingia kwa mlango wa uani, kabla masika hayajaanza. Chungu mmekitunza?" Mwinjuma akajibu: "Chungu kipo ndani, hakina ufa. Nani mwingine ningempa?"

Bwana Kaleb akaizima kanda. "Chungu ni kitu gani?"

Mwantumu alijua. Hakuna mwanamke wa Kizigua asiyejua posa inavyosemwa. Chungu kilikuwa Chausiku, binti wa Mwinjuma, na wageni wa mlango wa uani walikuwa washenga wa mwanawe Athuman, ambao huanza kwa wanawake kabla ya kukaa na wanaume. Hata kicheko kile alikitambua, kicheko cha wazee wanaokaribia kuwa wakwe. Lakini yule bwana alikuwa ameshika kalamu, na alikuwa ameshasema maana aachiwe yeye. Mwantumu akaogopa kuonekana anamtetea mtu wa kabila lake.

"Chungu ni cha kupikia," alisema.

"Haya. Ahsante, dada."

Wiki haikuisha, Land Rover ikaingia Mashewa. Mwinjuma alichukuliwa dukani, mizani ingali na sukari ya mteja. Watu wakakumbuka kwamba miaka ya kuhamishiwa vijijini alisimama mkutanoni akauliza kwa nini nyumba za watu zibomolewe kabla mpya hazijaezekwa. Waliompigia makofi siku ile sasa walisema, "Ndiyo maana."

Habari ilipomfikia Mwantumu, alimsubiri Bwana Kaleb nje ya ofisi yake, akamwambia yote bila kupumzika: posa, washenga, binti.

Bwana Kaleb alimsikiliza hadi mwisho. "Mbona hukusema siku ile?"

"Uliniambia nikupe maneno tu."

"Nilikuuliza chungu ni nini." Hakupandisha sauti. "Dada, jambo limeshafika Dar es Salaam. Nikisema leo kwamba ni harusi, wataniuliza nani kabadili tafsiri, na kwa nini. Kwa usalama wako, nenda kazini."

Mwantumu akaenda kazini.

Mwinjuma aliwekwa kizuizini bila kesi. Mkewe hakuambiwa yuko gereza gani. Athuman naye alihojiwa huko Mwanza, na posa ikafa kimya kimya. Vijana wa Mashewa waliacha kupita njia ya nyumba ile. Mwishowe Chausiku akaolewa na mzee mmoja wa Handeni mwenye wake wengine, maana ndiye pekee aliyekubali kuoa kwa mtu aliyeitwa jasusi.

Vita vikaisha, wanajeshi wakarudi wakishangiliwa, kaka yake Mwantumu akiwa mmoja wao. Bwana Kaleb alihamishwa, akaondoka na kinasa sauti chake. Mwinjuma alikaa zaidi ya mwaka mmoja baada ya hapo, kisha akaachiwa bila maelezo.

Alifika ofisi ya simu asubuhi moja, amekonda, shati limemzidi mwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niunganishie Mwanza."

Safari hii Mwantumu hakuvisukuma vipokea sauti nyuma. Alitaka kusikia kicheko. Mwinjuma alizungumza Kiswahili kitupu, taratibu, kama anayemsomea hakimu maelezo.

"Athuman, nazungumza Kiswahili ili kila anayesikiliza aelewe. Mimi nimerudi. Binti yangu Chausiku ameolewa na mtu mwingine. Mwanao atafute mchumba. Sina jambo jingine."

Upande wa pili Athuman alimwita mara kadhaa kwa Kizigua. Mwinjuma akakirudisha chombo mahali pake.

Alipokuja dirishani, Mwantumu alikuwa ameshasimama.

"Mzee, mimi…"

"Unasemaje, mwanangu?"

Macho ya mzee yalikuwa yamechoka, hayakuwa na shaka naye hata kidogo. Mwantumu akashindwa.

"Karibu tena," alisema.

"Ahsante. Mungu akubariki kwa kazi yako."

Akatoka, akashika njia ya mtaa wa Manundu kutafuta gari la Mashewa. Nyuma ya Mwantumu taa za ubao ziliwaka moja baada ya nyingine, watu wakiomba kuunganishwa, naye bado amesimama dirishani.