Mfereji Uliotoka Bisil

"Mimi nilikuambia," Munguti alisema kwa mara ya nne tangu aingie. Alikuwa amelala chali, kichwa ndani ya kabati la sinki na miguu katikati ya jikoni. "Nilikuambia, Mama Sandra, na ukasema niwache kelele nifunge."

"Nilisema ufunge. Sikusema utuletee mafuriko." Nalotuesha alikuwa ameinama na tambara, leso imeloa hadi magotini. "Siku nne tu! Hata maziwa lala inakaa zaidi ya hiyo."

Munguti akageuza kichwa pembeni. Maji ya kisima ya Kitengela, yenye chumvi chumvi, yalikuwa yakimdondokea sikioni.

Mfereji wenyewe ulikuwa umetoka Bisil. Saruni, mume wa Nalotuesha, alikwenda mnadani huko kuuza ndume, na alipokuwa akirudi akaona mtu ametandika turubai kando ya barabara. Hapo akanunua mfereji wa sinki, wa shingo ndefu, unaong'aa hadi mtu angeweza kujitazama meno. Sasa, tangu waoane, miaka ishirini na mitatu, Saruni hakuwahi kununua kitu cha jikoni, hata mwiko. Nalotuesha aliuzungusha ploti nzima, mlango kwa mlango, kabla hajamwita Munguti, fundi wa maji.

Munguti aliugonga kwa spana siku hiyo. Shaba ikigongwa hulia, na mlio hukaa kidogo hewani. Huu ulisema "tak," kama kikombe cha plastiki. Tena ulikuwa mwepesi.

"Mama Sandra, hii si shaba, ni rangi tu. Nenda hadiwea ununue mwingine."

"Ati mzee wangu amenibebea takataka kutoka Bisil? Funga, fundi. Wacha kelele."

Akafunga. Kisha akafanya anavyofanya siku zote mteja akileta kitu chake mwenyewe: akamwita Gakuru, keateka anayeangalia ploti, awe shahidi, na akamwambia Nalotuesha afungue maji kwa mkono wake na aseme, "Nimepokea." Nalotuesha akafungua, maji yakaja, akasema nimepokea huku akicheka. Kwa Munguti neno hilo lilikuwa kufuli. Kitakachoharibika baada ya hapo si chake.

Leo alfajiri mfereji ulipasuka. Maji yalijaa jikoni, yakapenya sakafu na kuteremka chumba cha chini kwa Ruqia, mshona nguo, moja kwa moja juu ya madira, magauni mapana ya harusi ya mteja wake Khadra. Harusi ilikuwa Jumamosi. Sasa Ruqia alikuwa amesimama mlangoni na dira moja mikononi, rangi nyekundu imeshaingia kwenye nyeupe. Lilikuwa likimdondokea miguuni.

"Fundi, harakisha," Gakuru akasema, simu mkononi. "Landlodi anapiga kila dakika. Kama ni wewe, kazi ya maji ya hii ploti nampatia mtu mwingine. Kama ni mfereji, hasara ni ya Mama Sandra. Nitajie moja nimwambie."

"Ni mfereji! Nitasema mara ngapi? Si wewe ulikuwa shahidi?"

Akaufungua, akajikokota nje ya kabati, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa umepasuka chini, pale unapoingia paipu. Ndani ilikuwa kijivu, yenye vitundu kama mkate.

"Haya! Imeisha," Gakuru akasema, na kuanza kupiga simu.

Nalotuesha aliutazama ule ufa. Tambara likamtoka mkononi. "Enkai ai, Mungu wangu. Sasa mzee nitamwambia nini?"

Munguti alikuwa ameona kitu. Katika ufa ile tepu nyeupe ya kuzungushia paipu ilikuwa imetokeza kama ulimi. Paipu kama hiyo yeye huizungushia mara saba. Lakini siku ile mfereji wa Saruni ulikuwa unacheza, haushiki, naye alikuwa amechoka kubishana. Akazungusha zaidi ya kumi na tano, halafu kwa hasira akaongeza nusu mzunguko wa spana, asiitwe tena nyumba hii. Chuma duni kikatanuliwa na hiyo tepu mpaka kikachoka.

Angeweza kuing'oa ile tepu kwa kucha. Hakuna mtu pale jikoni angejua.

"Ulijua ni mbovu?" Ruqia akamuuliza.

"Nilijua. Na nikamwambia."

"Na ukafunga."

"Ruqia, alisema nimepokea..."

"Mimi nilipokea nini?" Ruqia aliinua lile dira. "Mimi pia ni fundi. Mtu akiniletea kitambaa kimeoza, namrudishia, hata akilia hapo mlangoni. Mimi siwezi shona kitu najua kitararuka."

Simu ya Gakuru ilikuwa ikiita upande wa pili.

"Kata hiyo simu," Munguti akasema.

"Ati?"

"Kata. Mfereji ni mbovu, hiyo ni kweli. Lakini kuupasua, niliupasua mimi. Tepu nyingi, na nikakaza kupita kiasi." Akawaonyesha.

Gakuru alimtazama kama mtu aliyetema chakula kitamu. "Wewe Munguti! Si nilikuwa nimeshakuokoa? Kunyamaza pia inakushinda?" Akanyoosha kiganja. "Lete funguo ya tangi, hiyo kazi nampatia mwingine."

Munguti akaitoa mfukoni, akampa. Gakuru akashuka ngazi akinung'unika.

Nalotuesha akachukua mfereji, akaupangusa kwa ncha kavu ya leso, polepole, ingawa haukuwa na kazi tena.

"Huko chini kwako kuna mengine mangapi?" Munguti akamuuliza Ruqia.

"Kumi na moja."

Wakatoka kwenye veranda. Ruqia akampa upande mmoja wa dira, na mikono yake, iliyozoea spana, ikaanza kusokota.

"Hapana, fundi. Hiki hakikamuliwi. Shika tu."

Akashika. Upepo wa mbugani ukakijaza kitambaa katikati yao, na maji yakaendelea kudondoka kwenye saruji, tone kwa tone, bado mekundu.