Aliyekata Saladi ya Jumamosi

Mara ya tatu asubuhi hiyo, Mama Saladi alitoka chooni ameshika ukuta. Akanawa mikono kwa maji matupu, maana sabuni iliisha tangu wiki jana, akarudi kwenye nyanya zake. Katika jiko la mkahawa ule hakuna wa kukuuliza umeamkaje. Wapo wa kuuliza saladi iko wapi.

Tumbo lilianza kumwendesha Ijumaa. Alimwomba meneja siku mbili tu apumzike.

"Tafuta wa kushika nafasi yako," meneja akamjibu. "Ukimkosa, njoo mwenyewe. Usipokuja, usirudi."

Akawapigia wenzake waliokuwa mapumzikoni. Wote hoi, wanatapika. Basi akajikaza, akaja Jumamosi, akaja Jumapili. Angefanyaje, jamani? Kumwaga unga na watoto watatu wanakutazama si mchezo.

Leo Jumanne bwana afya aliingia na jalada kwapani. Wateja thelathini walikuwa wamelazwa.

"Nani alikata saladi ya Jumamosi?"

Wenzake, waliokuwa wakipishana chooni tangu jana, wakainamia masufuria kama wameajiriwa leo. Mama Saladi akainua kisu badala ya mkono.

"Alijua anaumwa, akanificha!" meneja akadakia, akaleta daftari. Kila anayegusa chakula hutakiwa kusaini humo kila siku: siharishi, sitapiki, sina homa. Ila pale wiki nzima husainiwa Jumatatu kwa mkupuo, kabla mtu hajajua tumbo lake la Jumamosi litaamkaje.

"Sahihi hii ni yako, dada?" bwana afya akauliza.

"Yangu. Lakini Ijumaa nilimwambia naumwa. Huyu alikuwepo." Akamwonyesha mwosha vyombo, shoga yake wa miaka sita.

Mwosha vyombo akazidi kusugua sahani iliyokwisha takata. "Mimi sikusikia kitu."

Hapo Mama Saladi akasahau tumbo. Neno hilo ndilo lililomuuma, likamuuma hasa.

Bwana afya akaandika kwamba mfanyakazi alificha ugonjwa, akamsogezea fomu.

"Andika na hilo nililosema."

"Fomu haina nafasi hiyo, dada yangu."

"Basi sisaini. Nimeshasaini vya kutosha humu ndani."

Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka kando ya nyanya. Hakuna aliyemwambia hata pole. Alipofika mlangoni, bwana afya bado akifunga jalada lake, alimsikia meneja akiita:

"We wa vyombo! Njoo ushike kisu. Ila kwanza saini hapa."

Mwosha vyombo akafuta mikono, akajishika tumbo, akasaini mpaka Jumapili.