Keki Isiyokatwa

Kwenye maabara yetu hapa Zurich, anayeharibu jaribio huoka keki. Ikishakatwa wakati wa kahawa ya saa tatu, jaribio limezikwa na panya wake wanaondolewa siku hiyohiyo. Sheria hii naipenda, maana mimi na keki hatuachani.

Rahel, mwanafunzi wetu wa shahada ya udaktari, alileta ya karoti, macho yamevimba. Alikuwa amewadunga panya dawa ya kuua seli wasaidizi, wale wanaowatia nguvu seli wauaji wanaopambana na virusi, kisha akawaambukiza kirusi. Alitarajia wazidiwe. Wapi! Wote wakapona. Na udaktari wake wote ulitegemea panya hao.

"Dawa haikufanya kazi," alisema. "Nimeharibu mwenyewe."

"Pole, Rahel. Haya, kata," akasema Profesa Wernli, sahani mkononi. "Panya waondolewe leo."

Nilikuwa nimeshashika uma. Sijui shetani gani alinifungua mdomo. "Damu yao umeipima?"

"Ya nini? Si wamepona?"

"Weka kisu chini, wewe," nilimwambia.

Profesa alinuna, lakini tukapima. Seli wasaidizi hakuna, hata mmoja. Dawa ilifanya kazi vizuri tu. Wauaji walikuwa wamekishinda kirusi peke yao.

"Sasa wasaidizi wanakula bure humo mwilini?" niliuliza.

Rahel aliyarudia majibu ya damu. "Labda wanawafundisha wauaji kukikumbuka kirusi. Nikiwaambukiza panya tena baadaye, tutajua."

Keki ikaingia kwenye friji ya barafu. Kila asubuhi nilipita kuitazama, roho inaniuma.

Miezi ikapita, akawaambukiza tena. Panya wa kawaida, walioambukizwa mwanzoni bila kudungwa dawa, walikifagia kirusi upesi. Wale waliokosa wasaidizi kiliwajaa kwenye wengu. Wauaji wao walikuwa wachache na wamelegea, kana kwamba hawajawahi kukiona. Rahel alisoma majibu mara mbili, akanikumbatia mpaka miwani yangu ikaanguka. Nilifurahi kama udaktari ni wangu.

"Tutoe keki basi," nilisema.

"Ya nini? Sijaharibu kitu mimi."

Sote tukamgeukia Profesa, aliyetaka panya waondolewe. Akakohoa. "Haya, haya, nimeelewa."

Kesho yake alileta keki yake, imeungua chini, katikati mbichi. Rahel aliikata kwa madaha, akamwekea kipande kikubwa kuliko vyote.

"Kula, Profesa," alisema. "Umeharibu mwenyewe."